Sufuria Ndogo: Chakula cha Mtu Anayeishi Peke Yake



Mara nyingi mafundisho ya lishe huhusu chakula cha mtoto mchanga, cha mama mjamzito na cha familia nzima. Mwezi huu tunapenda kumwangalia mtu ambaye husahauliwa kwa urahisi: yule anayepika sufuria moja, anapakua sahani moja na kula peke yake.

Watu wa namna hii tunao katika kila kigango. Yupo bibi ambaye watoto wake wote wako mjini. Yupo mgane ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika mwiko. Yupo mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mbali na kwao, na kijana aliyepanga chumba kimoja akitafuta kazi. Na hata sisi tunaokula leo tukiwa wengi mezani, siku moja tunaweza kujikuta peke yetu. Kwa hiyo somo hili ni la nyumba zote.

Jambo tunalotaka kusema ni moja: anayeishi peke yake mara nyingi hakosi chakula, bali hukosa mpango na kipimo. Akipata hivyo viwili, anaweza kula vizuri kwa fedha zile zile anazotumia sasa kununulia chai na mkate.

KWA NINI HULA VIBAYA?

Ukimwuliza anayeishi peke yake kwa nini hakupika, atakujibu: "Nimpikie nani?" Jibu hilo si la uvivu. Kwetu sisi chakula ni ushirika; tumezoea kunawa pamoja na kula pamoja. Mtu akibaki peke yake, hamu ya kupika hupungua, na hamu ya kula huifuata.

Sababu ya pili ni kipimo. Mama aliyezoea kupikia watu wanane hajui kupikia mtu mmoja. Anapika kingi, anakula hicho hicho siku mbili, kinamchosha au kinaharibika, mwishoni anaacha kupika. Sababu ya tatu ni gharama: anaona kuwasha mkaa kwa ajili ya sahani moja ni hasara.

Basi anashika njia ya mkato. Asubuhi chai na mkate, mchana chipsi au andazi, jioni tena chai, au ugali wa jana kwa chumvi. Tumbo limejaa, lakini mwili haujalishwa.

MADHARA YAKE MWILINI

Madhara hayaji kwa siku moja. Huja polepole, na kwa kuwa hakuna anayemtazama mtu huyo kila siku, huchelewa kuonekana.

Kwanza, misuli hupungua. Mzee asiyepata maharage, dagaa, mayai wala maziwa ya kutosha hulegea miguu, huanguka kwa urahisi, na kidonda chake huchelewa kupona.

Pili, damu hupungua, hasa kwa wasichana na kina mama walio katika umri wa kuzaa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza tatizo hili, kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Ni vema kunywa chai saa moja hivi baada ya kula. Kinyume chake, ndimu, chungwa au nyanya mbichi pamoja na mlo huusaidia mwili kupata madini hayo.

Tatu, choo huwa kigumu kwa kukosa mboga, matunda na maji ya kutosha.

Nne, kuna hatari ya pekee kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari. Akitumia dawa bila kula, sukari ya damu inaweza kushuka mno. Hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa kali, huchanganyikiwa, na anaweza kuzimia. Aliye na watu nyumbani ataonekana; aliye peke yake huenda asionekane mpaka kesho yake. Mgonjwa wa namna hiyo asiruke mlo, na sukari iwe karibu na kitanda chake. Akiona dalili hizo, anywe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha ale chakula.

SAHANI MOJA, VITU VITATU

Wengi wetu tulifundishwa shuleni makundi matatu ya chakula: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Siku hizi wataalamu wa lishe wanayagawa makundi hayo zaidi, lakini kwa mpishi wa sufuria moja mafundisho yale ya zamani bado ni msaada mzuri. Kabla ya kuwasha moto ajiulize maswali matatu:

1. Kitakachonitia nguvu ni kipi? Ugali, wali, ndizi za kupika, viazi, muhogo.

2. Kitakachonijenga ni kipi? Maharage, choroko, kunde, karanga, dagaa, samaki, mayai, maziwa, nyama.

3. Kitakachonilinda ni kipi? Mchicha, matembele, majani ya maboga, karoti, papai, embe, chungwa, pera.

Kama swali mojawapo halina jibu, mlo huo haujakamilika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani kama sehemu tano, kila sehemu ikiwa kiasi cha kujaza kiganja. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, tukihesabu na ile iliyomo katika mkate na samaki wa chumvi.

VIPIMO VYA MTU MMOJA

Chukua kikombe kimoja cha ujazo wa robo lita, ukiweke jikoni kiwe ndicho kipimo chako daima. Mlo mmoja wa mtu mmoja ni kama ifuatavyo:

- Ugali: unga kikombe kimoja, maji vikombe viwili au pungufu kidogo.
- Wali: mchele nusu kikombe kwa mzee, robo tatu ya kikombe kwa anayefanya kazi nzito. Maji mara mbili ya mchele.
- Maharage makavu: nusu kikombe. Yakiiva yatatosha milo miwili.
- Choroko: robo kikombe kwa mlo mmoja.
- Dagaa wakavu: konzi moja.
- Mboga za majani: fungu moja dogo. Zikiwa mbichi zitaonekana nyingi, zikiiva zitakuwa kiasi.
- Mafuta: kijiko kimoja cha chakula.

Hivi si vipimo vya sheria. Mkulima wa jembe atahitaji zaidi kuliko bibi anayekaa barazani. Lakini anza navyo wiki mbili, kisha ongeza au punguza kadiri ya mwili na kazi yako.

Yafaa pia kununua sufuria ndogo yenye mfuniko. Chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa huungua upesi, na moto mwingi hupotea bure.

KUNUNUA BILA KUPOTEZA

Vyakula vingine huvumilia bila friji: maharage, choroko, dagaa wakavu, karanga, mchele, unga, mayai, vitunguu, viazi vitamu, maboga na ndimu. Hivi ndivyo nguzo ya jiko la mtu mmoja, maana unachota kipimo chako na kurudishia mfuniko. Mboga za majani, nyanya zilizoiva na samaki wabichi huharibika upesi. Hivyo vinunuliwe kwa siku ile ile, au kesho yake kwa mboga.

Wengine hushauriwa kununua gunia zima kwa kuwa ni nafuu. Kwa familia kubwa ni kweli. Kwa mtu mmoja gunia hukaa muda mrefu, na likipata unyevu huota ukungu. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu katika mahindi na karanga. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, nayo huharibu ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nunua kiasi cha wiki mbili au mwezi, weka mahali pakavu juu ya kichanja, na karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye uchungu usiile wala usimpe mtoto.

Mwenye kiwanja kidogo apande matuta mawili ya mchicha, matembele na majani ya maboga. Mwenye chumba tu anaweza kupanda mchicha katika ndoo mbovu au mfuko wa udongo. Mtu mmoja hahitaji bustani kubwa.

KIPORO: AKIBA INAYOOZA

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa unga na maharage makavu ni kweli, lakini akiba ya chakula kilichopikwa inaoza, na pengine huwa imeharibika kabla harufu haijabadilika.

Tukumbuke kwamba moto hauui kila kitu. Vijidudu vingine vina mbegu zinazostahimili kuchemka. Chakula kikipoa na kukaa katika joto la kawaida, mbegu hizo huamka na kuongezeka, na baadhi hutoa sumu ambayo haiondoki hata ukipasha moto tena. Wali ni mfano mzuri. Ndiyo maana mtu anaweza kula wali wa jana uliopashwa ukawa wa moto kabisa, na bado akatapika. Kanuni ni hizi:

1. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili.

2. Mwenye friji agawe chakula katika vyombo vidogo ili kipoe haraka, akiingize, na akile ndani ya siku tatu. Anaweza kuchemsha nusu kilo ya maharage siku ya Jumamosi, ayagawe kwa kipimo cha mlo mmoja mmoja, na yale ya baadaye ayagandishe. Wali uliwe siku inayofuata, usikae zaidi.

3. Asiye na friji apike cha kumaliza. Kama maharage ni ya mchana na jioni, ya jioni yatiwe yakiwa yanachemka ndani ya hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, ifungwe na isifunguliwe mpaka wakati wa kula. Kabla ya kula yachemshwe tena. Ukikuta yamepoa, usiyale.

4. Chakula kinachopashwa kichemke chote mpaka katikati, na kipashwe mara moja tu.

KUOKOA MKAA

Loweka maharage usiku kucha, kisha mwaga maji hayo na chemsha kwa maji mapya. Yataiva upesi zaidi. Ukipenda, yakishachemka kwa nguvu na kuanza kulainika, ondoa sufuria motoni, ifunike vizuri na uiweke ndani ya kikapu kilichojazwa nguo nzito au blanketi kuukuu. Yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Lakini ni lazima kwanza yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na kuchemka tu. Ukiyatoa kikapuni yachemshe tena kabla ya kula.

Neno jingine la tahadhari kwa wanaoishi chumba kimoja. Usiwashe jiko la mkaa ndani ukafunga mlango na madirisha, wala usilale na jiko chumbani kwa sababu ya baridi. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki, na aliye peke yake hana wa kumfungulia mlango.

MPANGO WA WIKI MOJA

Huu ni mfano kwa mtu asiye na friji, anayekwenda sokoni Jumatano na Jumamosi. Kila mmoja abadilishe kadiri ya mkoa na msimu wake. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Jumatatu. Asubuhi: uji wa dona wenye karanga zilizotwangwa. Mchana: ugali, maharage, mchicha. Jioni: maharage ya hotpoti, viazi vitamu, tunda.

Jumanne. Asubuhi: viazi vitamu na maziwa. Mchana: wali, dagaa, matembele. Jioni: ugali mdogo, mlenda, yai.

Jumatano. Asubuhi: uji. Mchana: ugali, dagaa, mchicha. Jioni: ndizi na choroko za sufuria moja.

Alhamisi. Asubuhi: muhogo wa kuchemsha na yai. Mchana: ugali, maharage, kabichi. Jioni: maharage ya hotpoti, wali, tunda.

Ijumaa. Asubuhi: uji wenye karanga. Mchana: ugali, samaki au dagaa, majani ya maboga. Jioni: viazi vitamu, yai, kachumbari.

Jumamosi. Asubuhi: muhogo na maziwa. Mchana: ugali, choroko, mchicha. Jioni: ndizi zilizopikwa kwa karanga na karoti.

Jumapili. Asubuhi: mkate na yai. Mchana: wali, robo kilo ya nyama au samaki mbichi, mboga, na mgeni mmoja. Jioni: uji mzito na tunda.

Mtaona kwamba nyama iko siku moja tu. Maharage, choroko, dagaa, karanga na mayai yamefanya kazi ya kujenga mwili siku zote nyingine, tena kwa bei nafuu. Na tumemweka mgeni Jumapili kwa makusudi, kwa sababu robo kilo ya nyama inatosha watu wawili, na kula na mwenzio hurudisha hamu.

PISHI LA SUFURIA MOJA: NDIZI NA CHOROKO

Mahitaji: choroko robo kikombe zilizolowekwa tangu asubuhi, ndizi za kupika 3, karoti 1, kitunguu nusu, nyanya 1, karanga zilizokaangwa na kutwangwa vijiko viwili vya chakula, mchicha fungu dogo, mafuta kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, ndimu.

Namna ya kupika:

1. Osha choroko, zichemshe mpaka zianze kupasuka.
2. Menya ndizi, zikate, uzitie pamoja na karoti, kitunguu na nyanya. Ongeza maji yafunike kidogo.
3. Ndizi zikianza kulainika, koroga karanga kwa maji kidogo, mimina, kisha tia mafuta na chumvi. Acha dakika 10 kwa moto mdogo, ukikoroga zisishike.
4. Osha mchicha kabla ya kuukata, utie mwisho kwa dakika chache tu.
5. Kamulia ndimu ukishapakua.

Sahani hiyo ina majibu ya yale maswali yote matatu. Kwa mzee asiye na meno, ponda kila kitu kwa mwiko kiwe laini kama mtori.

NENO KWA FAMILIA NA JUMUIYA

Tunapokwenda kumwona mzee wetu, tumezoea kubeba kilo mbili za sukari, majani ya chai na mkate. Zawadi hizo hutolewa kwa upendo, lakini ndizo zinazomfanya aendelee kuishi kwa chai. Safari ijayo tubebe mayai, dagaa waliochambuliwa, maharage, karanga na matunda. Mtoto mwenye uwezo amnunulie mama yake sufuria ndogo na hotpoti. Atakuwa amemsaidia kwa miaka.

Tunapompigia simu, tusiulize tu, "Mama, umekula?" Atajibu "Nimekula" ili tusiwe na wasiwasi. Tumwulize, "Leo umekula nini, na mboga gani?" Hapo ndipo tutajua hali yake. Kama nguo zake zimeanza kumpwaya, au anasema hana hamu ya kula kwa majuma, apelekwe kituo cha afya. Kukonda si jambo la kawaida la uzee tu. Huenda ni kisukari, kifua kikuu, maumivu ya meno au huzuni kubwa baada ya msiba, na yote hayo yana msaada wake.

Wanajumuiya wanaokaa jirani wanaweza kupatana kula pamoja mara moja kwa juma, kila mmoja akileta kipimo chake. Wajane watatu wanaopika sufuria moja siku ya Jumatano hutumia mkaa wa mtu mmoja, na kila mmoja atajua kama mwenzake ni mzima.

Na wewe msomaji unayeishi peke yako, jioni ya leo usiulize tena, "Nimpikie nani?" Mwili wako ni mgeni uliyepewa umtunze. Mpikie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yetu ni nani wanaoishi na kula peke yao? Mara ya mwisho tuliwatembelea lini, na tuliwapelekea nini?

2. Ni vyakula gani vya hapa kwetu vinavyokaa muda mrefu bila friji na vinavyojenga mwili?

3. Tuandike pamoja mpango wa chakula wa wiki moja wa mtu mmoja, kwa vyakula vya soko letu na vya msimu huu.

4. Kiporo kinahifadhiwaje nyumbani kwetu? Ni kanuni ipi kati ya zile nne ambayo hatuishiki?